Agneta Nabwile, Aliyelinda Moto wa Jirani

Alizaliwa mwaka wa 1953 nje kidogo ya Malakisi, katika boma la Mzee Khaoya, mkulima wa tumbaku. Akabatizwa Agneta, na nyumbani akapewa jina Nabwile kumkumbuka bibi yake aliyefariki mwaka uliotangulia. Wanaoandika maisha ya watu wa Mungu hupenda kutuambia kwamba siku mtoto alipozaliwa mwanga ulionekana juu ya paa. Juu ya paa la Mzee Khaoya hakukuonekana kitu ila moshi. Ulikuwa msimu wa kukausha tumbaku, majani yalikuwa yametundikwa bandani, na baba hakuweza hata kuja kumwona mtoto kabla hajapata mtu wa kumwachia kuni. Moto wa tumbaku una tabia zake. Ukiupa kuni nyingi unachoma majani, na ukiuacha uzime majani yanaota ukungu, na kazi ya msimu mzima inaishia jalalani. Agneta alipopata nguvu za kubeba kuni aliwekwa hapo mlangoni mwa banda akitoka shule, pamoja na mama yake, na wanaomkumbuka utotoni wanasema alikuwa mtoto mkaidi, mpenda sukari, na mtu wa mwisho kusinzia. Siku moja alimuuliza baba yake kwa nini asitafute kijana mwenye nguvu wa kulinda moto huo. Mzee Khaoya akamjibu, "Moto haulindwi kwa nguvu, mama. Moto unalindwa kwa kukaa." Agneta aliyarudia maneno hayo hadi uzeeni, na ninayeandika haya, katekista wa kigango chake, niliyasikia kwake zaidi ya mara moja.

Mwaka wa 1971 alikwenda Bungoma kwa masista, akitaka kuwa mtawa. Aliwekwa jikoni kwanza, kama wanavyowekwa wasichana wote, na alifurahi kupita kiasi, kwa sababu hapo palikuwa na kengele ya kuamshia watu kusali na yeye alipenda sana kuamshwa na kitu ambacho si jogoo. Kabla hajavaa shela mama yake aliugua. Akaitwa nyumbani, akamuuguza mpaka akamzika, kisha akabaki na wadogo zake mpaka wa mwisho alipoweza kujipikia. Alipopata nafasi ya kurudi, mama mkuu wa masista alimwambia kwa upole kwamba muda umepita, na kwamba Mungu ana njia nyingi. Maneno hayo ni ya kweli, na sijawahi kusikia kwamba yalimfariji msichana yeyote. Agneta alilia barabarani bila kujificha. Baadaye alimwambia binti yake kwamba kwa miaka mingi alidhani amekataliwa, na kwamba alikuwa akiyasema hayo kwa Mungu waziwazi, maana hakuona faida ya kumficha.

Mwaka wa 1976 aliolewa na Hesbon Walubengo, fundi seremala, mtu wa maneno machache na nyundo nzito. Wakapata binti mmoja, Nanyama, na wakahamia upande wa Kitale, ambako Hesbon alikuwa amenunua shamba. Upande wa pili wa ua waliishi Job Kipkemei na mkewe Jepkorir, watu waliotoka miteremko ya Mlima Elgon, wenye mtoto wao Kipkemboi. Wanawake hao wawili hawakuwa na lugha moja ya nyumbani, na Kiswahili cha kila mmoja kilikuwa kinachechemea kwa mguu wake, lakini waliunganishwa na moto. Zamani hizo kila asubuhi aliyetangulia kuamka ndiye aliyewasha, na mwenzake akaja na kigae cha chungu kilichovunjika kuomba kaa. Wakubwa wanajua maana yake. Huwezi kumwomba moto mtu mliyegombana naye, na huwezi kumnyima moto mtu halafu umwite jirani. Ndiyo maana hata vibiriti vilipokuwa kila duka, Mama Nanyama na Mama Kipkemboi waliendelea kuvuka ua na vigae vyao, na kama kulikuwa na neno la kusengenya lilivushwa hapo hapo pamoja na kaa.

Ikafika Januari ya mwaka wa 2008, na fujo zilizofuata uchaguzi. Sitaandika nani alianza kumfukuza nani, kwa sababu kila nikiwauliza watu napewa jibu tofauti na kila jibu linamwacha msemaji akiwa mwema. Inatosha kusema kwamba asubuhi moja habari ilifika kuwa vijana wanakuja, na familia ya Job ilikuwa miongoni mwa waliotafutwa. Hesbon na Agneta waliwapitisha nyuma kwenye mahindi makavu yaliyokuwa bado yamesimama shambani. Jepkorir alikuwa ameacha sufuria ya maharagwe mekoni, na akili ya mwenye kukimbia haijui kupanga makubwa na madogo. Aligeuka pale kwenye ua akasema, "Mama Nanyama, niangalilie hiyo moto." Agneta akasema, "Sawa." Hayo ndiyo yaliyokuwa maagano yao yote. Vijana walipofika walimkuta mwanamke wa makamo ameketi jikoni kwa Job, anapuliza moto, na alipoulizwa wenyewe wako wapi alisema anapika. Hakudanganya, maana kweli alikuwa anapika. Wakaondoka na mbuzi wakaiacha nyumba.

Maharagwe yaliiva. Kesho yake aliyabeba mpaka Kitale, kwenye kambi ya waliofukuzwa, akazunguka na sufuria kichwani akiwauliza watu habari za Kipkemei. Akaambiwa walipita wakaelekea mlimani, na wengine wakamwambia hapana, wameenda Bungoma. Basi akawapa watoto wa kambi yale maharagwe, akarudi na sufuria tupu, akaiosha na kuifunika kando ya mafiga. Alfajiri iliyofuata aliamka, akawasha moto kwake, akatia kaa kwenye kigae, akavuka ua na kuwasha kwa Jepkorir. Akakaa hapo akisali rozari mpaka moshi ukapenya nyasi za paa, akaufunika moto kwa majivu, akarudi kwake kupika uji. Na kesho yake tena. Kwetu jiko la nyasi lisilopata moshi huliwa na mchwa upesi, na nyumba isiyofuka moshi watu huihesabu imekufa, na kilichokufa kila mtu huona ana ruhusa ya kukichuna. Majirani wengine waliokimbia walipoteza mabati, milango, hata mawe ya msingi. Kwa Job, ukiacha wale mbuzi, hakukuguswa kitu.

Hapo ndipo majaribu yalipoanza, na hayakutoka mbali. Wanawake wa jumuiya yake walinong'ona kwamba Mama Nanyama anapikia mizimu, maana mwanamke anayekwenda kuwasha moto kwenye nyumba isiyo na watu kabla jua halijatoka anaweza kuitwa jina moja tu. Mmoja alihama benchi waliloketi pamoja kanisani. Agneta aliliona, akakaa mahali pale pale, akaimba kwa ile sauti yake mbaya ambayo sote tuliivumilia kama sehemu ya kuingia mbinguni. Hesbon naye alichoka. Kila siku kuni za nyumba mbili zilitoka mkononi mwake, na asubuhi moja alimuuliza, "Kwani wewe ni bibi ya nani?" Akaletewa chai. Mvua kubwa za mwaka ule zilipoanza, paa la jiko la Jepkorir lilivuja juu ya mafiga, na Agneta alijaribu kulikinga kwa ungo. Siku ya pili alisikia nyundo juu ya kichwa chake. Hesbon alikuwa amepanda na nyasi mpya na fito, na aliposhuka alisema tu kwamba kazi ya aliyeezeka kwanza ilikuwa mbovu. Tangu siku hiyo hakulalamika tena kuhusu kuni, na mimi ninamhesabu Hesbon Walubengo kuwa muujiza wa kwanza wa Agneta.

Lakini jaribu kubwa lilikuwa ni sifa. Hesbon alikuwa na ndugu aliyeitwa Wamukota, mtu mcheshi, mkarimu wa chakula, na mwenye jicho kali la shamba. Wamukota alipouona ule moshi wa kila asubuhi alielewa mara moja, na alielewa vibaya. Alidhani shemeji yake anajimilikisha shamba la Job polepole. Akaanza kumsifu sokoni na kwenye matanga. "Shemeji ana akili bana," alisema. "Wengine wanaingia na panga, yeye ameingia na kiberiti." Watu wakacheka, na wakaamini. Agneta akikana, wakasema ndiyo akili yenyewe, mnyakuzi mwerevu hukana. Alimwomba Wamukota aache maneno hayo, na Wamukota akamkonyezea jicho. Shamba lenyewe Agneta alikataa lisilimwe na mtu, yeye pamoja. Alifyeka ua tu, na mengine akayaacha kwa nyasi.

Mwezi wa Mei mwaka wa 2012 Hesbon alianguka kutoka kwenye kenchi ya nyumba aliyokuwa akiezeka, na hakuamka. Mwili ukaletwa nyumbani, na Agneta akakaa kando ya jeneza kama desturi ya kabila lao la Wabukusu inavyomtaka mjane, asiondoke, asizunguke, mpaka mume azikwe. Asubuhi ya kuchimba kaburi alisikia majembe yakilia upande usiofaa. Wamukota alikuwa amewapeleka vijana ng'ambo ya ua, nyuma ya jiko la Job. Kila mtu hapa anajua kwamba kaburi lina nguvu kuliko ua. Ukishamlaza mtu mahali, ukoo wake hautang'oka hapo, na hakuna jirani atakayerudi kusema ondoeni mfu wenu. Wamukota hakuwa na chuki na mtu. Moyoni mwake alikuwa anamkamilishia marehemu ndugu yake kazi ambayo mkewe aliianza kwa kiberiti, na alishangaa tu kwamba hawakumshukuru.

Agneta aliinuka kando ya maiti. Wazee wakaguna, mwanamke mmoja akamshika nguo, naye akaiachia leso mkononi mwa yule mwanamke akaenda. Alivuka ua, akafika kwenye shimo lililokuwa limefika magoti, akaingia ndani akaketi. Vijana wakasimamisha majembe. Wamukota akaja mbio akimsihi, akasema, "Shemeji, si ni wewe ulianza hii maneno? Sisi tunamaliza tu." Agneta hakupaza sauti. Akasema, "Hesbon hakuiba akiwa mzima. Sasa nyinyi mnataka aanze akiwa kwa sanduku?"

Uso wa Wamukota ulibadilika, maana kwa mara ya kwanza alikuwa ameamini kwamba shemeji yake alikuwa akimaanisha alichokuwa akisema miaka yote. Alivua kofia. Kisha yeye mwenyewe akaokota jembe, akavuka ua kurudi, na kaburi la Hesbon likachimbwa kwa Hesbon, karibu na karakana yake. Shimo la kwanza likafukiwa kwa haraka, na udongo wake ukaja kuzama, pakabaki bonde dogo nyuma ya jiko. Wazee walimsema sana mjane aliyeacha maiti, wakataka atoe kuku wa kutakasa boma. Akatoa kuku. Kuhusu desturi hakuwa mbishi, alikuwa na ubishi wa jambo moja tu.

Miaka iliyofuata ndiyo iliyokuwa mirefu. Magoti yalianza kumuuma, Nanyama alikuwa ameolewa Ndalu, na kuni alizichanja mwenyewe. Aliuliza habari za Jepkorir kila alipopata mtu wa kumuuliza, akapata uvumi, mara wamekufa, mara wako mjini. Siku moja akina mama walikuwa wakipukuchua mahindi ya kigango pamoja na Padre Gathii, paroko wetu wakati huo, mtu asiyeogopa kuchafua kanzu. Padre akamwambia kwamba ametimiza na kupita, kwamba hata Mungu hawezi kumdai zaidi, apumzike. Agneta aliendelea kupukuchua, kisha akasema, "Padre, mimi nimechoka kweli. Lakini sikuambiwa mpaka lini." Padre Gathii alituambia baadaye kwamba alitafuta jibu la theolojia akalikosa, akachukua hindi lingine.

Sasa inanipasa kueleza yaliyokuwa yakitendeka upande wa pili, ambayo Agneta hakuyajua. Job na Jepkorir walikuwa hai. Walikaa mlimani kwa muda, kisha wakashuka Bungoma, wakapanga chumba upande wa Kibabii, Job akitengeneza baiskeli na Jepkorir akichoma mahindi karibu na chuo kikuu. Mwaka wa kwanza walitaka kurudi. Walimtuma jamaa yao apite barabarani kwa siri aangalie kama nyumba imechomwa. Jamaa akapita asubuhi, akarudi na habari kwamba nyumba haijachomwa, ila jikoni kunafuka moshi. Basi wakajua wameingiliwa. Nani mwingine hupika kwenye jiko la mtu kila siku kama si aliyelichukua? Mwaka uliofuata walituma tena, na moshi ulikuwepo. Baadaye wakasikia kwamba watu wa Walubengo wanajisifu sokoni. Job hakutaka kusikia tena jina la Kitale. Ule moto uliowekwa kuwangoja ndio uliowazuia kurudi, na jambo hili linaniuma hata leo, ingawa najua lilivyoisha.

Mwaka wa 2015 Job aliugua kifua, akakonda, akaacha kula. Familia ikaambiwa hospitalini imchukue nyumbani, na nyumbani kwao kulikuwa chumba cha kupanga. Job aliogopa jambo moja kuliko kifo, nalo ni kuzikwa kwenye makaburi ya mji, kati ya watu wasiojulikana, kama mtu aliyeokotwa. Kwa hiyo mwezi wa Agosti Jepkorir alifunga kitambaa chake akaenda Kitale peke yake. Hakwenda kudai shamba. Alikwenda kuwaomba walionyakua wampe mahali pa kaburi moja. Njia nzima aliyapanga maneno, ili asije akatukana katikati. Alipofika kwenye njia panda aliuona moshi, akayarudia yale maneno mara moja, kisha akaendelea.

Mlango wa jiko ulikuwa wazi. Ndani kulikuwa na mtu ameinama, anapuliza moto, mgongo wake mlangoni. Jepkorir hakuthubutu kuinua macho. "Hodi," alisema. "Mimi sijakuja kwa ubaya. Shamba mkae nayo. Naombanga tu mahali pa kulaza mzee wangu."

Yule mtu akageuka, macho yamejaa machozi ya moshi. "Mama Kipkemboi," akasema. "Maharagwe yako iliiva, lakini nilipea watoto wa kambi. Usikasirike, nitapika ingine."

Jepkorir aliketi chini pale pale mlangoni. Amenieleza mara nyingi kwamba alicheka kwanza, akacheka kama mtu aliyetekenywa, kisha ndipo kilio kikaja. Alitazama ukuta, umekandikwa. Akatazama paa, nyasi mpya kuliko alizoziacha. Sufuria yake ilikuwa imefunikwa kando ya mafiga. Agneta akamuuliza, "Mzee amekufa?" Akasema bado. "Sasa si umlete nyumbani kwanza? Mambo ya kaburi tutaongea akifika." Akainuka kwa shida, akamshika mkono, na wale wanawake wawili wakakaa kwenye kigoda kimoja kilichokuwa kidogo mno kwao.

Walipoanza kuhadithiana ndipo Agneta alipojifunza habari za moshi. Ninaamini hilo lilikuwa jaribu lake la mwisho na la ndani zaidi. Akasema, "Kumbe ni mimi niliwafungia mlango." Akaomba msamaha, naye hakuwa mtu wa kuomba msamaha ovyo. Jepkorir akamwambia, "Nyamaza, Mama Nanyama. Kama ungezima, leo ningerudi wapi?" Agneta alilishika jibu hilo kama mgonjwa anavyoshika maji, na alisema baadaye kwamba siku hiyo alielewa kwa nini hakupewa shela kule Bungoma. Alikuwa ametaka kengele ya kumwamsha kusali, akapewa jiko la watu.

Job aliletwa wiki ile ile, amelazwa nyuma ya gari la mboga. Wamukota, ambaye tangu siku ya kaburi alikuwa mtu mwingine ingawa mdomo ulibaki ule ule, alimbeba mgongoni kutoka barabarani mpaka mlangoni, akisema njiani kote, "Mzee, wewe ni mwepesi sana bana, ni lazima ukule." Jioni ile Job aliomba uji. Kesho yake aliomba ugali. Baada ya mwezi alikuwa akitembea na fimbo akikagua ua, akilalamika kwamba umefyekwa chini mno. Yuko hai mpaka ninapoandika, na bado analalamika. Wengine wanauita muujiza, na wengine wanasema mtu aliyeacha kula kwa huzuni hula furaha ikirudi. Mavuno yao ya kwanza nayo yaliwashangaza watu, mabua yalibeba mahindi mpaka yakainama, na wakulima wakanena kwamba shamba lililolala miaka mingi ni lazima litoe. Kanisa halijasema neno, na mimi sitalitangulia. Ninasema tu kwamba Mungu hakatazwi kutumia shamba lililopumzika wala uji.

Job alipoliona lile bonde nyuma ya jiko aliuliza ni nini, akahadithiwa na Wamukota mwenyewe, ambaye hakujipunguzia lawama hata kidogo. Job akalizunguka. Akasema, "Basi hapa nitalala mimi. Lakini si leo." Akapanda migomba humo. Mkungu wa kwanza uliletwa altareni siku ya mavuno, na kila mkungu tangu hapo hugawanywa kati ya maboma mawili, isipokuwa zile ndizi anazochuma Wamukota akipita.

Agneta Nabwile alifariki mwezi wa Juni mwaka wa 2022, kitandani mwake, baada ya ugonjwa mfupi, Jepkorir akiwa ameketi kichwani na Nanyama miguuni. Maneno yake ya mwisho ya kueleweka yalikuwa kuuliza kama chai imewekwa sukari. Siku ya mazishi kanisa lilijaa, na yule mwanamke aliyehama benchi alisoma somo la kwanza. Watu walimtafuta Jepkorir kaburini wasimwone, na wengine wakaanza kusema, kama watu wasemavyo, kwamba hata huyo aliyefanyiwa yote hakuja kutupa udongo. Jepkorir alikuwa jikoni kwa Agneta. Waombolezaji wote walikuwa wameenda kaburini na moto ulikuwa unakaribia kuzima, akabaki kuulinda.

Nyumba ya Agneta sasa haina mtu. Nanyama alimwambia Jepkorir, kwa heshima kama inavyofaa, "Mama, umezeeka, wacha hiyo maneno ya moto, mimi nitakuja tu Krismasi." Jepkorir akamjibu, "Basi Krismasi utakuta iko." Na kila alfajiri yule bibi huvuka ua na kigae chake.

Wakristo wenzangu, tunaomba Mungu atupe kazi kubwa, naye hutupa sufuria ya mtu mwingine. Tuikubali, na tusiulize mpaka lini. Na jambo moja zaidi, kwa sababu tulilikosea sisi sote, wa huku na wa kule: ukipita asubuhi ukaona moshi kwenye nyumba ya mtu aliyeondoka, usiharakishe kusema imenyakuliwa. Piga hodi kwanza. Huenda ndani kuna mtu ameketi, anakungoja wewe.